Agosti si mvua Thailand nzima: jibu kwa msomaji anayetaka kumpumzisha mume wake ufukweni

"Nafanya biashara ya nguo Kariakoo na Bangkok naijua, lakini ni Bangkok ya Pratunam tu: hoteli, soko, wakala wa mizigo, uwanja wa ndege. Bahari yao sijawahi kuiona. Mwaka huu mume wangu anastaafu akiwa na miaka 60, na nimemwahidi siku kumi za kukaa ufukweni bila kufanya lolote. Hajawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Ana kisukari, anatumia vidonge na sindano ya insulini usiku, na goti la kulia linamsumbua. Nafasi yangu ni Agosti. Jirani yangu wa dukani anasema Agosti Thailand nzima ni mvua, nisitupe hela. Mwingine amenipangia Phuket siku tatu, Krabi siku tatu, Pattaya siku nne, 'ili mwone kila kitu'. Kijana wetu anasema viza imefutwa. Sisi ni Waislamu, tunataka chakula halali na utulivu. Nataka pia kujua kama nitaweza kuogelea nikiwa nimejisitiri. Nianzie wapi?"

Dada yangu, kwanza hongera kwa shemeji kumaliza utumishi salama. Nimesoma barua yako na naona umepewa ushauri mwingi na watu wanaokutakia mema, ila kila mmoja ameongelea Thailand yake. Wewe unataka jambo moja: mzee apumzike. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yako yanajijibu, na ile ratiba ya miji mitatu inakufa yenyewe.

Tuanze na mvua, maana ndiyo inayoamua mahali. Jirani yako hajakudanganya, amechanganya tu. Thailand ina pwani mbili zinazotazamana na bahari mbili tofauti. Magharibi kuna Bahari ya Andaman, na huko ndiko ziliko Phuket na Krabi. Mashariki kuna Ghuba ya Thailand, na huko kuna Pattaya, Hua Hin, Cha-am na kisiwa cha Samui. Pwani hizi hazinyeshewi kwa pamoja. Mtu aliyekwenda Phuket mwezi Agosti atarudi akisema Thailand ni mvua na mawimbi, na aliyekwenda Samui mwezi uleule atamshangaa.

Sababu yake wewe mtu wa Dar unaijua tayari, kwa kuwa ni upepo uleule unaovuma kwetu. Kusi linaloanza baada ya kaskazi kukatika haliishii Lamu. Linavuka ikweta, na kwa jinsi dunia inavyozunguka linapinda kuelekea mashariki, linapita Bahari ya Arabia, linaipa India mvua zake, kisha linaingia Ghuba ya Bengali na Bahari ya Andaman likiwa upepo wa kusini-magharibi ulioshiba maji. Linaipiga pwani ya Phuket na Krabi uso kwa uso kuanzia Mei mpaka Oktoba. Likishapita hapo linakutana na milima iliyo mpakani mwa Thailand na Myanmar. Mawingu yanalazimika kupanda, yanapoa, yanamwaga maji upande wa magharibi. Hua Hin iko upande wa pili wa milima hiyo, katika mkoa ambao Thailand imebanwa sana: kuna mahali ambapo kutoka baharini hadi mpaka wa Myanmar haifiki kilomita 15. Kwa hiyo mwezi Agosti mji ule unapata mawingu yaliyokwisha kupunguziwa mzigo.

Kaskazi nalo lina zamu yake. Hewa kavu ya baridi inashuka kutoka bara la China, na kuanzia Desemba pwani ya Andaman inatulia, anga inakuwa safi, na ndipo picha zile za Phuket unazoziona kwenye matangazo zinapopigwa. Lakini upepo huohuo ukipita juu ya Ghuba ya Thailand unazoa unyevu na kuumwaga upande wa Samui, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hua Hin na Cha-am zinapata mvua zao kubwa kati ya Septemba na Novemba, majira yanapogeuka.

Kwa hiyo Agosti si mwezi mbaya ukichagua upande wa ghuba. Sikuahidi jua la kuanika dagaa. Kutakuwa na mawingu, kutakuwa na manyunyu ya alasiri au usiku yanayopiga kwa muda kisha yanakatika, na huenda ukapata siku nzima ya kijivu. Joto litakuwa nyuzi 32 hivi, na wingu kidogo ni neema kwa mtu anayetaka kukaa nje. Aliyekuja kulala kwenye kiti cha uvivu hamlaumu Mungu kwa wingu.

Sasa ile ratiba ya Phuket, Krabi na Pattaya. Siku sita za kwanza zinakupeleka pwani inayopigwa na upepo katika mwezi wake mbaya. Si suala la kulowana tu. Wakati huo fukwe nyingi za magharibi hupandishwa bendera nyekundu, kwa sababu mawimbi yanarundika maji ufukweni na maji hayo yanatafuta njia ya kurudi. Yakiipata, yanatoka kwa mkondo mwembamba wenye nguvu unaomvuta mtu kuelekea kina hata kama anajua kuogelea. Kila mwaka wageni wanazama hivyo. Na hata bahari ingekuwa shwari, kila kuhama kunakula siku: unafunga mabegi asubuhi, chumba unakitoa saa sita mchana, cha mji mwingine hukipati kabla ya saa nane, katikati kuna gari, uwanja wa ndege na ngazi. Mtu mwenye goti baya na sindano ya usiku atamaliza siku kumi akiwa amechoka kuliko alivyotoka ofisini. Pattaya sikushauri kwa sababu nyingine: ni karibu na Bangkok, ina hoteli nzuri na familia huenda, lakini sifa yake kubwa ni starehe za usiku, na utalipa hela kisha utumie siku zako kuzikwepa.

Zinabaki sehemu tatu za kupima kwa haki: Hua Hin, Cha-am na Samui.

Hua Hin ndiyo ningewapeleka wazazi wangu. Ni mji uliokua kwa kupumzikia, haukuanza na watalii wa ndege. Reli ilifika mwaka 1911, hoteli ya shirika la reli ikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mfalme Prajadhipok akajenga hapo kasri lake la Klai Kangwon. Alikuwa hukohuko Hua Hin tarehe 24 Juni 1932, maofisa walipoipindua serikali Bangkok na kumaliza utawala wa mfalme mwenye mamlaka yote. Hadi leo wenyeji wa Bangkok ndio wateja wake wakubwa: wazee, familia, watu wanaokuja na mama zao. Ndiyo maana mji una vitu ambavyo mume wako atavihitaji kuliko mnazi ulioinamia maji. Kuna hospitali ya serikali na za binafsi, maduka ya dawa kila mtaa, njia za kutembea zilizonyooka, na chakula cha kila aina jirani.

Ila nikuambie ukweli kabla hujalipa. Bahari ya Hua Hin haifikii ya kwetu. Ukiwa umeona Nungwi au Paje, usitarajie mchanga mweupe na maji ya kijani kibichi. Ghuba ya Thailand ni ya kina kifupi, wastani wake haufiki mita 60, na sehemu ya juu inapokea mito mikubwa inayoleta tope, Chao Phraya ukiwa mmojawapo. Maji yana rangi ya chai ya maziwa siku nyingine. Ufukwe ni mrefu, mchanga ni mgumu na sawasawa (jambo jema kwa goti), na maji hupwa na kujaa. Yakijaa sana, mbele ya baadhi ya hoteli ufukwe unapotea kabisa hadi yapwe tena. Unachofuata ni utulivu na matunzo; kuogelea kwenye maji ya kuona kidole cha mguu utasubiri mpaka urudi nyumbani.

Cha-am iko kilomita 25 hivi kaskazini ya Hua Hin, na ni ndogo na rahisi zaidi. Katikati ya juma imelala, mwisho wa juma inajaa familia za Kithai zilizokodi viti chini ya miti na kuagiza kaa wa kuchoma. Mkoa wake, Phetchaburi, una jamii za Waislamu za tangu zamani, kwa hiyo chakula halali hutafuti kwa taabu kubwa. Ungeniambia hela ni kidogo, ningekuambia Cha-am bila kufikiri mara mbili. Kinachonizuia ni kwamba jioni hakuna pa kwenda kwa mtu asiyependa kukaa chumbani.

Samui ndiyo mshindani wa kweli. Mwezi Agosti hali yake ya hewa ni nzuri pengine kuliko Hua Hin, maji yake ni masafi zaidi, na upande wa kusini-mashariki kuna kijiji cha wavuvi Waislamu, Hua Thanon, chenye msikiti na vibanda vya chakula. Tatizo ni kufika. Ndege ya kwenda Samui mara nyingi ni ghali kwa safari fupi kiasi kile, na njia ya bei nafuu ni treni au basi la usiku, kisha basi jingine, kisha boti. Kisiwa kina vilima, na hoteli nyingi zenye mandhari ya kuvutia zimejengwa kwenye miteremko yenye ngazi. Kama bajeti inabeba ndege na utapata chumba cha chini ufukweni, Samui ni chaguo zuri tu. Kwa mtu aliye na kisukari na goti, ambaye hajawahi kusafiri mbali, mimi bado nachagua mahali anapoweza kufikishwa kwa gari hadi mlangoni, na kurudishwa Bangkok kwa saa tatu nne kukitokea jambo.

Huenda mtu akakuambia, "Mbona msiende Krabi au Koh Lanta, huko Waislamu ni wengi?" Ni kweli, Lanta wengi wao ni Waislamu na adhana utaisikia. Lakini ni pwani ya Andaman. Ukiweza kuhamisha safari hadi Desemba au Januari, nitabadili jibu langu lote na kukupeleka Krabi. Usiisogeze zaidi ya hapo bila kuangalia kalenda, kwa kuwa Ramadhani ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari.

Tuchukue basi kwamba ni Hua Hin. Jambo la pili baada ya mahali ni mpangilio wa siku, na hapa nakuomba uniwie radhi kwa kukusema: wewe ni mfanyabiashara, na huwezi kupumzika ukijua Pratunam kuna mtindo mpya hujauona. Usijidanganye kwamba utauacha mzigo hadi mwisho. Nunua kwanza. Tumia siku mbili za mwanzo Bangkok, funga mzigo, mkabidhi wakala wako, chukua risiti, kisha ondokeni. Shemeji asikufuate sokoni. Abaki hotelini alale. Atakuwa na haja ya kulala kweli, kwa sababu Thailand iko mbele yetu kwa saa nne, na mwili hujirekebisha polepole, kiasi cha saa moja kwa siku. Usiku wa kwanza atakuwa macho mpaka saa nane usiku, na asubuhi utamwamsha kwa shida. Hiyo haina dawa zaidi ya mwanga wa asubuhi na uvumilivu, na ni bora imkute mahali ambapo hakuna alichopanga kufanya.

Kutoka Bangkok kwenda Hua Hin ni kama kilomita 200. Treni ni nafuu na njia ina mandhari, lakini treni za mbali siku hizi huondokea stesheni mpya ya Krung Thep Aphiwat, ambayo ni kubwa mno; kutembea ndani yake na mabegi ni kazi. Yapo mabasi yanayotoka moja kwa moja uwanja wa Suvarnabhumi hadi Hua Hin, hayo yakumbuke kwa safari ya kurudi. Kwenda, kodisha gari na dereva akuchukue mlangoni Pratunam. Msitoke Ijumaa alasiri wala msirudi Jumapili alasiri, mtakaa barabarani na Bangkok yote. Mkifika siku ya kazi, hata bei ya chumba mara nyingi huwa chini. Angalia pia tarehe 12 Agosti, sikukuu ya Mama kwa Wathai. Kila mtu humpeleka mama yake kula, na Hua Hin hujaa.

Hoteli nayo ina mtego wake. Barabara kuu ya Phetkasem, ile inayoshuka hadi mpaka wa Malaysia, inapita katikati ya mji. Hoteli nyingi zinazosema ziko "karibu na ufukwe" ziko ng'ambo ya barabara hiyo. Kwa kijana ni dakika tano. Kwa goti la shemeji ni kuvuka magari kila siku. Waandikie uulize mambo matatu tu: je, nitavuka Phetkasem kufika baharini, je, kuna lifti au chumba cha chini, na je, chumba kina jokofu linalofanya kazi. Hilo la jokofu ni kwa ajili ya insulini.

Hapo ndipo nafika kwenye afya, na hapa mimi mpanga safari natoka njiani nimpishe daktari. Mpeleke shemeji kliniki yake ya kisukari wiki sita au nane kabla ya safari, wewe ukiwepo, na mwulize swali hili hasa: safari ni ndefu na saa zinasogea mbele nne, je, sindano ya usiku aipige saa ngapi siku ya kwenda na siku ya kurudi? Jibu linategemea aina ya insulini na vidonge anavyotumia, na halifanani kwa watu wawili. Omba barua yenye majina ya dawa zote. Dawa zikae kwenye pakiti zake za asili, na insulini isiwekwe kamwe kwenye begi la chini ya ndege, kwani huko inaweza kuganda ikaharibika. Kama kwa goti anatumia dawa kali ya maumivu yenye kodini au mofini, mwambieni daktari mapema: Thailand inazidhibiti dawa hizo na huenda zikahitaji kibali kabla ya kuingia. Na kama ni mvutaji, sigara za umeme ni marufuku kuingizwa kule. Aziache nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza na linaweza kukwamisha safari yote. Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa watu wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Wewe kadi yako ya njano unayo, na haiishi muda. Tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote. Shemeji hana, na ana miaka 60. Kwa mtu wa umri huo anayechanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa ya chanjo hii, ingawa ni nadra, yana uwezekano zaidi kuliko kwa kijana. Hiyo haimaanishi asichanjwe. Inamaanisha asiende kuchomwa haraka haraka siku chache kabla ya ndege. Aonwe na daktari kwanza, aeleze kisukari na dawa zake, na uamuzi ufanywe kwa utulivu. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kufika. Usikubali kadi ya kununua mlangoni, hata ukiambiwa "kila mtu anafanya".

Viza haijafutwa kwa ajili yetu. Kijana wenu amesikia habari ya Julai 2024, Thailand ilipofungua milango kwa watu wa nchi 93 bila viza. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ile. Ombeni viza ya utalii kwa mtandao wa serikali yao; ubalozi wao ulioko Nairobi ndio unaoshughulikia maombi ya kwetu. Mbali na viza, tangu 1 Mei 2025 kila mgeni anajaza kadi ya kuingia ya kidijitali ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Ukikuta tovuti inakudai pesa kwa kadi hiyo, si yenyewe. Na kata bima ya safari inayotaja kisukari kwa jina, maana bima nyingi za bei nafuu hukataa kulipia ugonjwa uliokuwepo kabla.

Mkiwa huko, miguu ya shemeji ni ya kuangalia sawa na sukari yenyewe. Mwenye kisukari cha miaka mingi huweza kuwa na ganzi nyayoni bila kujua, na mchanga wa saa saba mchana utamchoma asisikie. Avae viatu hata ndani ya maji, na wewe mtazame nyayo kila usiku kama unavyotazama za mtoto. Kwa sababu hiyohiyo, masaji ya Kithai, ambayo ni ya nguvu hasa na wengine hukukanyaga mgongoni, haimfai bila tahadhari. Akandwe taratibu, goti wasilikunje, na nyayo zisichokonolewe kwa kijiti wala kumwagiwa maji ya moto. Wakandaji wanaume wapo, ila si kila duka; ulizeni kwanza kama mnataka mwanamume amhudumie.

Mbu wa Agosti wanaleta dengue, na Dar tunaijua. Tofauti ni kwamba mume wako ana goti, na mwenye goti ana diklofenaki mfukoni. Akipata homa kali, asimeze diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, kwa sababu dengue inaweza kuleta kutokwa damu na dawa hizo zinazidisha hatari. Paracetamol tu, maji mengi, na hospitali siku hiyohiyo. Mwambieni daktari kwamba mmetoka Tanzania wiki zile, apime na malaria; daktari wa mjini kule anaweza asiifikirie kabisa. Namba ya dharura ya matibabu ni 1669, polisi wa watalii 1155.

Baharini kuna konyeza, na aina chache katika ghuba ni za hatari. Ukichomwa, toka majini, mwaga siki kwa wingi, usisugue kwa mchanga, na kama maumivu ni makali au pumzi inabana, hospitali. Uliza mapokezi kila asubuhi kama wameonekana, wenyeji wanajua.

Chakula hakitakusumbua kama unavyohofia, ila kinataka macho. Tafuta alama ya halali, ile yenye umbo la almasi na maandishi ya Kiarabu. Utaiona kwenye vibanda na kwenye bidhaa nyingi za dukani. Kutokuwa na nyama ya nguruwe si sawa na halali, kwa kuwa kikaango ni kimoja na supu nyingi huanza na mifupa yake. Ukiwa huna uhakika, samaki mzima wa kuchomwa kwa mkaa na wali mweupe vitakufikisha mbali. Sema "mai sai muu" kuomba wasitie nguruwe. Kwa shemeji jifunze pia "mai waan", kwamba hutaki tamu, kwani chai na kahawa zao za barafu hujazwa maziwa ya kopo na sukari hadi kijiko kisimame. Wali wa kunata wenye embe ni mtamu kwa maana zote mbili. Mgawane sahani moja. Na kibla, kwenu kule ni magharibi kidogo kaskazini. Ufukwe wa Hua Hin unatazama mashariki, kwa hiyo mkiipa bahari mgongo mtakuwa karibu nayo.

Mambo ya kutazama nayapitia haraka, kwa sababu hamkuja kutazama. Soko la usiku liko mjini, na kuelekea Khao Takiab kuna soko la sanaa la Ijumaa hadi Jumapili jioni lenye viti vingi vya kukaa. Mtapanda vile vigari vya kijani vyenye benchi mbili zinazotazamana, vya kufanana na chai maharage zetu za zamani. Pikipiki za kukodi msiziguse. Kwenye kilima cha Khao Takiab kuna nyani wezi, msiende na chakula mkononi. Hifadhi ya Khao Sam Roi Yot iko kusini, si mbali: kila mtu atawasifia pango la Phraya Nakhon lenye banda la kifalme la mwaka 1890 ndani yake, na ni kweli linapendeza, lakini njia yake ni ya mawe na inapanda wima. Kwa goti lile, hapana. Nendeni badala yake kwenye bwawa la mayungiyungi upande wa pili wa hifadhi, mkae kwenye mtumbwi muendeshwe. Siku nyingine zote ziacheni wazi.

Mwisho, kuogelea. Baharini hutamshangaza mtu. Wathai wenyewe wengi huingia majini na fulana na kaptura ndefu, hawapendi jua liwachome, na utakuta mabibi wamekaa majini wamevaa nguo zao zote. Bwawa la hoteli ndilo lenye masharti: baadhi hawakatai kujisitiri, wanachokataa ni pamba, kwa sababu nyuzi zake huziba vichujio. Nunua vazi la kuogelea la kufunika mwili lililotengenezwa kwa kitambaa cha kuogelea, na waandikie hoteli kabla ya kulipa uwaulize kama wanalikubali. Pratunam yanauzwa, utayapata kabla hujafunga mzigo.